Consolée Alivyogeuza Mgongo Kinindo

Mtaani Kinama hakuna anayeshangaa kumwona kijana mwenye diploma na asiye na kazi. Kila ua una wake, nyua nyingine zina wawili. Kinachowatoa watu nje kutazama ni diploma moja kuitwa na kazi tatu katika wiki moja. Jambo hilo lilimkuta Consolée Birindwa, binti wa Mama Spéciose muuza ndagala, wale samaki wadogo wa kukausha, siku ya Jumatatu, na kabla jua halijazama majirani walikuwa wameshamchagulia, kila mmoja yake.

Kazi ya kwanza ilitoka kwenye koperative moja ya mjini. Walimtaka kwa staji ya kujifunza kazi miezi sita, bila mshahara, "halafu tutaona." Mama Spéciose aliomba asomewe tena maneno ya mwisho.

"Halafu tutaona," Consolée akarudia.

"Ile ni bei ya mutu hana franga," mama akasema. "Funga."

Ikafungwa hapo hapo, chai ikiwa bado moto.

Zikabaki mbili, na hizo hazikuwa za kufungwa kwa neno moja. Ya Kinindo, mtaa wa wenye magari, ilikuwa ya shirika linalopeleka mbegu na vifaa vya shule mikoani. Walitaka msaidizi wa depo, ghala lao: mwaka mmoja, kontra, yaani mkataba, ya kurasa sita, bima ya ugonjwa, kila kitu kimeandikwa. Ya Gatumba, karibu na mpaka, ilikuwa ya Huseni, mtu wa Buyenzi anayevusha unga, sabuni na mafuta ya kupikia kwenda Uvira. Huseni naye alitaka mtu wa depo, na mshahara wake ulizidi ule wa Kinindo kwa karibu theluthi. Ila Huseni hakuwa na desturi ya kuandika wafanyakazi. Aliwapa mkono, akawapa ufunguo, basi.

Hapo ndipo penye mfupa. Miaka michache nyuma akina Birindwa walikuwa wakikaa Gatumba. Baba mtu, aliyetoka Bukavu na viatu vyake tu, alinunua kiwanja kwa rafiki yake kwa kupeana mkono na chupa mbili za bia ya Primus mbele ya mashahidi. Kisha mto Rusizi ukaacha njia yake, maji yakaingia nyumbani mpaka dirishani, mwaka huo na mwaka uliofuata. Yalipokauka, rafiki alikuwa amekufa, mashahidi wametawanyika, na watoto wa rafiki waliuliza swali dogo: karatasi iko wapi? Haikuwapo. Baba akarudi Bukavu kutafuta maisha, na mpaka leo anayatafuta. Mama akahamia Kinama na meza yake. Tangu siku ile Consolée alitaka kitu kimoja: kazi ambayo mtu akiulizia karatasi, karatasi ipo.

Angeweza basi kusaini Kinindo na kulala usingizi wake. Lakini mtoto aliyekulia nyuma ya meza ya samaki hakubali bei ya kwanza, hata akiwa na njaa. Alitaka karatasi ya Kinindo kwa bei ya Gatumba, na alidhani anajua namna ya kuipata.

Sokoni mnunuzi anayejua kazi yake anataja bei, anaambiwa hapana, anageuza mgongo. Haendi haraka. Anatembea kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Hatua ya tatu, muuzaji anakohoa. Ya tano, anaita "we dada." Ya saba, bei imeshuka. Consolée alikuwa ameiona ngoma hiyo mara elfu, akiwa upande wa kuita na upande wa kuitwa, na haikuwahi kumwangusha.

Jumanne akatoka nyumbani alfajiri, kwa mguu, maana ilikuwa wiki ya pili petroli haijaonekana mjini na mabasi yalikuwa yamelala kwenye vituo vya mafuta. Viatu vya ofisi alivibeba mkobani. Kinindo alikuta kuta zenye maua na magari yaliyooshwa yakang'aa, ingawa nayo hayakuwa yakienda popote. Akabadilisha viatu nyuma ya mti, akajifuta jasho, akaingia.

Madamu Chanelle, mkuu wa wafanyakazi wa shirika hilo, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba na saa ya mkononi aliyoitazama mara nyingi.

"Karibu, mademwazeli. Umesoma kontra?"

"Nimesoma, madamu. Kontra ni nzuri. Mushahara ndio uko chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya ule wengine wananipa."

Chanelle akavua miwani, ikaning'inia kifuani. "Hapa mushahara ni wa grili. Kila kiti kiko na kiwango chake kwenye karatasi. Mi sipangi, na we hupangi."

Consolée akataja bei yake. Aliitaja vizuri, bila kutikisika, kama mtu anayetaja bei ya gunia.

"Apana," Chanelle akasema, bila hasira yoyote.

Neno hilo lilikuwa tamu masikioni mwa Consolée. Biashara huanzia hapo. Akafunga mkoba, akasema, "Asante sana, madamu," akageuza mgongo.

Hatua ya tatu mtu akakohoa. Akapunguza mwendo. Alikuwa karani mwenye mafua kwenye chumba cha pili. Hatua ya tano, kimya. Ya saba alikuwa mlangoni. Akaongeza nyingine, moja moja, akipita maua ya bustani yaliyokatwa sawasawa, mpaka akafika langoni bila kusikia hata "psst."

Mlinzi wa lango, Pontien, akamfungulia. Alipoona hatoki, akauliza, "Dada, umesahau kitu?"

"Apana. Niko nasubiri."

"Unasubiri nani?"

"Wataniita."

Pontien akautazama mlango wa ofisi, akamtazama na yeye. "Sha, mi niko hapa mwaka wa tisa. Sijasikia mutu anaitwa kwa sauti."

Consolée alikaa kwenye jiwe la nje mpaka adhuhuri. Kisha akabadilisha viatu, akarudi Kinama.

Jumatano asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu. Ulikuwa wa adabu, kama zilivyo habari mbaya za ofisini. Wameelewa kwamba hakupendezwa na masharti. Wanamtakia kila la heri. Nafasi hiyo watampa aliyefuata kwenye listi, Ijumaa saa sita mchana.

Akaupeleka mezani kwa mama, maana kuuficha kungekuwa kuuza samaki aliyeoza kwa mtu aliyemkausha. Mama Spéciose alikuwa anapepeta ndagala kwenye ungo, vumbi la mchanga likiruka. Hakusimama.

"Nyuma yako kulikuwa wateja wengine?" akauliza.

"Wateja gani?"

"Wenye kutaka ile kazi."

"Kwenye listi tulikuwa thelathini na nane."

Ungo ukasimama. "Thelathini na nane! Na we ukageuza mugongo? Mutoto we, mugongo unageuzwa mahali muuzaji iko peke yake na jua linamuchoma! Mahali kuko foleni, ukitoka, mwenye nyuma anaingia na shimo la mguu wako linafungika!"

"Hukunifundisha hiyo."

"Nikufundishe nini? Uliwahi kuona mimi nina foleni?"

Mama akarudia kupepeta, akaongeza kwa sauti ya chini kidogo, "Nenda kwa Huseni mbele hajasikia. Mutu akijua una njia moja, anaiwekea mulango."

Consolée akapata nafasi nyuma ya lori la mchanga lililokuwa na mafuta ya kufika Gatumba, akashukia karibu na mpaka. Depo ya Huseni ilikuwa ndefu, bati jipya juu, na ukutani alama ya kahawia ya maji ilikuwa bado inaonekana, juu ya kiuno cha mtu mzima. Huseni mwenyewe alikuwa amekaa kwenye katoni za sabuni, kofia imeegemea sikio, akihesabu vijiti vya kiberiti ambavyo kila kimoja kilikuwa mifuko kumi ya unga.

"Ahaa, binti yangu! Umekuja kuchukua ufunguo?"

"Nimekuja kuongea, Mzee Huseni."

"Mwenye diploma haongei bure. Keti."

Akaketi. Njiani alikuwa amepanga maneno ya kuzunguka, lakini kwa mtu anayehesabu unga kwa vijiti aliona kuzunguka ni kupoteza siku. "Mzee, mshahara wako nimeukubali. Nataka uniandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba ninafanya kazi kwako. Kazi gani, kwa muda gani, na ukinitoa, unanitoa namna gani."

Huseni akacheka mpaka kofia ikakaa sawa. "Miaka ishirini na minne naajiri watu, hakuna aliyeniomba karatasi. Karatasi ni ya watu wanaopanga kugombana."

"Baba yangu hakupanga kugombana."

Kicheko kikaisha. Huseni aliijua habari ya kile kiwanja. Gatumba nzima iliijua. Akavipanga vijiti vyake upya, ingawa vilikuwa sawa.

"Sikiliza. Sitakudanganya. Siandiki. Nikikuandikia wewe leo, kesho ninao wengine kumi na mmoja mlangoni, na mimi kusoma kwangu ni kwa taabu. Wallahi, nitasaini nisichokijua. Mkono wangu ni mzuri, uliza yeyote. Lakini ni mkono tu, na siku nikifa utazikwa pamoja nami." Akamtazama kwa jicho la kupima. "Kazi yako ipo mpaka Jumamosi. Sasa niambie, hao wa Kinindo wamekufanyia nini? Sura yako si ya mtu mwenye kazi mbili."

Consolée akamwambia yote, pamoja na karani mwenye mafua. Alijua anashusha bei yake mwenyewe, lakini mzee alikuwa ameshaisoma usoni.

Huseni hakucheka safari hii. "Ulikwenda kuwauzia nini?"

"Diploma."

"Na wale thelathini na saba wengine walipeleka nini?"

"Diploma."

"Basi ulipeleka ndagala Rumonge, mama. Huko zinavuliwa, nani atanunua kwako?" Akanyoosha kidole kwenye ile alama ya ukutani. "Unajua kwa nini mimi nilikuita? Sijui hata ulisoma nini. Mwaka ule wa maji, nilikuwa nimesimama hapo nje nikilia kama mtoto, unga wangu unageuka uji. Nikamwona msichana ng'ambo ya barabara anapandisha magunia ya ndagala juu ya dari, kwa kamba, na kila gunia analiandika kwa makaa lilipotoka. Mama yako aliuza mwezi mzima baada ya hapo, sisi wengine tunatupa. Hilo ndilo nililolinunua. Umewaambia Kinindo hilo?"

Hakuwa amewaambia. Kwenye karatasi aliyowapelekea, pale penye neno uzoefu, alikuwa ameandika: hakuna. Na si yeye peke yake. Nusu ya wenye diploma wa Kinama wameandika vivyo hivyo, na mikono yao imekuwa ikinunua, ikikausha, ikipakia na kuuza tangu darasa la nne. Chuo kinawafundisha kuosha mikono kwa ndimu, harufu ikaisha, na pamoja na harufu wanatupa miaka yao yote ya kazi. Kisha wanakwenda kuomba wafundishwe bila mshahara yale wanayoyajua.

Alhamisi asubuhi akaenda sokoni na fanta mbili baridi, kwa kuwa mtu hamwendei Mama Houda mikono mitupu. Houda ndiye aliyekuwa mkuu wa chama cha akina mama wauza ndagala, na kashe ya chama, muhuri wa mpira na kisahani chake cha wino, ilikaa ndani ya sidiria yake, mahali ambapo hakuna mwizi aliyewahi kujaribu.

"Yoo! Tazameni nani!" Houda akapaza sauti, meza zote zikageuka. "Madamu Diploma! Wiki ile alipita hapa na sapato ya kisigino, akatuambia 'bonjour' kama anaambia hewa!"

"Nisamehe, Mama Houda."

"Musamaha unanywewa, leta hiyo fanta. Unataka nini?"

"Barua. Ya kusema nilifanya kazi hapa. Nimeshaiandika, inakosa kashe tu."

"Diploma inakuja kuomba kashe kwa samaki!" Wanawake wakapiga makofi. Houda akanywa taratibu, akafuta mdomo. "Soma. Kwa sauti. Na kwa Kiswahili, ile Kifaransa yako isitupite chini ya meza."

Consolée akasoma. Aliposema miaka minane, Mama Spéciose akainua mkono kutoka meza ya nne.

"Sita."

"Mama!"

"Miaka miwili ya kwanza ulikuwa unabeba maji na kula sambusa. Sita. Wakinipigia simu nitasema sita, kashe ya wenzangu haiwezi kusema uongo."

Ikaandikwa sita. Mwanamke mwingine akadai iongezwe kwamba ni Consolée aliyekuwa akienda ufukweni kupokea mzigo na kukataa uliolowa. Mwingine akataka magunia ya darini yaandikwe kwa idadi, thelathini na moja, maana mawili yalikuwa yake, aliyoyaweka Gatumba kwa Mama Spéciose, na yalipona. Wakabishana kuhusu mwezi wa mafuriko mpaka wakaupata. Barua iliyoanza kwa mistari mitano ya maneno ya heshima ikawa ukurasa mzima wa kazi, na hakukuwa na heshima kubwa ndani yake isipokuwa hiyo.

"Sasa kashe," Consolée akasema.

"Kashe haitoki bure," Houda akajibu.

"Fanta je?"

"Fanta ilikuwa ya kisigino." Houda akavuta kiti. "Miaka mitatu tunaomba wakubwa wa serikali ya komini watupatie karatasi za meza, kila mama na namba yake. Tunaomba kwa mudomo, wanajibu kwa mudomo. Tuandikie barua. Leo, hapa, si kesho."

Consolée akaona kwamba bei ni ya haki, na hakuijadili. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawaandikia barua ya komini yenye majina arobaini na mawili, na mchana ulipokwisha kashe ikatoka mahali pake ikiwa na joto, ikagonga mara mbili: moja kwenye barua yao, moja kwenye yake.

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa langoni Kinindo. Pontien akamfungulia.

"Wamekuita?"

"Apana. Nimekuja mwenyewe."

"Hapo ni vizuri zaidi," mlinzi akasema.

Chanelle alimwacha asimame kwa muda. Kisha: "Ulikataa Jumanne."

"Sikukataa, madamu. Nilikuwa nasubiri uniite."

"Nikuite kwa nini?"

"Bei. Kwetu mutu akigeuza mugongo anaongea bado. Nilikosea mahali, naomba unisamehe. Sikuja kuomba ubadilishe grili. Nimekuja kukuuliza: kwenye ile grili, mutu wa hivi anakaa kiwango gani?" Akaweka barua mezani.

Chanelle akaisoma mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili polepole. Akaisogeza karibu na pua, akaitoa. "Hii inanuka ndagala."

"Ndiyo, madamu. Ilipigwa kashe hapo hapo."

"Magunia thelathini na moja. Uliandika kila moja lilipotoka?"

"Kwa makaa. Wino ungelowa."

Chanelle hakusifu kitu. Akafungua kabati, akatoa jedwali, akalifuata kwa kidole. "Wewe uliandika hauna uzoefu. Nikakuweka kiwango cha kwanza. Kuanzia miaka mitano ya depo na karatasi ya kuonyesha, ni kiwango cha tatu." Akampigia simu mkurugenzi, akampigia na Mama Houda, ambaye sauti yake ilisikika mpaka korido ikisema sita, sita, si minane. Yote hayo yalichukua saa nzima. Consolée alikaa mikono magotini, na safari hii hakusogea hata hatua moja.

Kiwango cha tatu bado kilikuwa chini ya mshahara wa Huseni. Chini kidogo, lakini chini. Na kilikuwa cha mwaka mmoja, wakati mkono wa Huseni haukuwa na mwisho ulioandikwa. Yote hayo Consolée aliyaweka kwenye mizani, hapo hapo kwenye kiti, na mizani ikasema lile lililokuwa moyoni mwake tangu maji yalipoingia Gatumba. Akaomba ruhusa, akatoka koridoni, akapiga simu.

"Mzee Huseni, nimepata karatasi."

"Ya muda gani?"

"Mwaka."

"Mwaka unakwisha, binti."

"Unakwisha tarehe inayojulikana."

Nyuma ya Huseni gari likarudi kinyumenyume likipiga kelele. "Haya. Ungekuwa mwanangu ningekuambia hivyo hivyo, ingawa inaniuma. Sasa nitafutie mwingine huko sokoni. Asiwe na diploma, anakuwa ghali."

Aliporudi ndani, kontra mpya ilikuwa mezani, kurasa sita, kiwango kimebadilishwa. Chanelle akamsogezea kalamu na kutazama saa. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Consolée akaanza kusoma kutoka ukurasa wa kwanza, kila mstari. Kwenye wa nne akaweka kidole.

"Hapa imeandikwa kontra inaweza kuendelea 'ikiwa kuna haja.' Haja ya nani, madamu?"

"Ya shirika."

"Na mi nitajua lini?"

Chanelle akapumua, akavaa miwani, akachukua kalamu yake mwenyewe na kuandika pembeni: mwezi mmoja kabla. Wakatia sahihi ndogo hapo wote wawili.

"Jumatatu saa moja na nusu," Chanelle akasema.

"Saa mbili, madamu. Kutoka Kinama ni kwa mguu."

"Saa moja na nusu. Dereva wa depo analala Ngagara, jirani na Kinama, na gari. Atakupitia."

"Na gari ikikosa mafuta?"

"Basi na dereva atatembea. Mutakuja wawili, mutaongea njiani."

Consolée akafikiri kidogo, kama mtu anayekumbuka foleni ya watu thelathini na saba, kisha akasaini.